Dominika ya 24 ya Mwaka A: Kuitafiti Dhamiri juu ya Hasira





Somo la kwanza la Dominika hii, kutoka kitabu cha Yoshua bin Sira (27:30 hadi 28:7), linaigusa hasira bila kuzunguka. Mzee yule mwenye hekima anatuonyesha mtu aliyeikumbatia ghadhabu yake kama mtu akumbatiavyo mali, asiyetaka kuiachia hata akiombwa. Kisha anauliza: mtu wa namna hiyo atathubutu vipi kumwomba Mungu amponye, hali yeye mwenyewe hana huruma kwa mwanadamu mwenzake? Nayo Injili (Mt 18:21-35) inatuletea Petro na swali lake la hesabu: nimsamehe ndugu yangu mara ngapi?

Tungependa leo tuzungumze juu ya jambo moja tu ambalo masomo hayo yanatudai, nalo ni namna ya kuitafiti dhamiri juu ya hasira. Tunalichagua kwa sababu ya yale tunayoyasikia mwaka hadi mwaka katika kiti cha kitubio. Hatuvunji siri ya mtu yeyote tukisema kwamba karibu kila muungamaji, mkubwa kwa mdogo, husema, "Nilikasirika," kisha hupita upesi kwenda dhambi nyingine. Neno hilo hutajwa kama mtu anayemwambia mganga wa zahanati, "Naumwa," halafu ananyamaza. Mganga atampa dawa gani? Unaumwa wapi, tangu lini, ulikula nini? Hasira inaungamwa sana, lakini inachunguzwa kidogo. Ndiyo maana mwaka unaofuata tunarudi nayo vilevile, imenenepa.

Ndugu wapendwa, wa kwanza kumwalika mwanadamu aitafiti dhamiri yake juu ya hasira alikuwa Mungu mwenyewe. Twasoma katika sura ya nne ya kitabu cha Mwanzo kwamba sadaka ya Kaini haikukubaliwa, naye akakasirika sana, uso wake ukakunjamana. Tuangalie vizuri mpangilio wa mambo. Habili bado yu hai. Hakuna damu iliyomwagika. Ni wakati huo Mungu anamjia Kaini na kumwuliza sababu ya hasira yake, na kumwonya kwamba dhambi imelala mlangoni ikimvizia, naye anaweza kuishinda. Kaini alijibu nini? Maandiko hayataji jibu lake kwa Mungu. Tunaloelezwa ni kwamba alisema na ndugu yake, wakawa kondeni, akamwua. Lile swali lilibaki bila jibu.

Mtu mwingine aliyeulizwa swali la namna hiyo ni nabii Yona. Yeye alikasirika kwa sababu Mungu aliwahurumia watu wa Ninawi, kisha akakasirika tena kwa sababu mmea uliompa kivuli ulinyauka. Mara mbili Mungu alimwuliza kama anafanya vema kukasirika. Mara ya kwanza alinyamaza. Mara ya pili alijibu, na alijibu vibaya: alisema kwamba ndiyo, ana haki ya kukasirika hata kufa. Lakini alijibu! Naye Mungu akaendelea kuzungumza naye, na kitabu kinakwisha Mungu akiwa bado anasema na nabii wake mkaidi. Sisi tunaona hapo faraja kubwa. Anayemwambia Mungu, "Ndiyo, nimekasirika, na naona nina haki," amekwisha kuufungua mlango ambao Kaini aliufunga.

Sasa, hasira ni nini? Kanisa halijafundisha kamwe kwamba kila hasira ni dhambi. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyeishi karne ya 13, anaieleza kuwa ni mwamko wa moyo unaotaka kulipiza ubaya uliotendwa. Mwamko wenyewe ni sehemu ya maumbile yetu, kama njaa. Mwinjili Marko anatusimulia (3:5) kwamba Bwana wetu, alipotaka kumponya mtu mwenye mkono uliopooza siku ya Sabato, aliwatazama wale waliokuwa wakimvizia kwa hasira, huku akihuzunika kwa ugumu wa mioyo yao. Hasira na huzuni zilikaa pamoja katika Moyo wake Mtakatifu. Hicho ni kipimo kizuri kwetu. Hasira yetu je, ina huzuni yoyote ndani yake kwa ajili ya yule tunayemkasirikia? Kama haina hata chembe, tuishuku.

Mtakatifu Tomaso anakwenda mbali zaidi, na hapa wengi hushangaa: anasema kutokuwa na hasira kabisa mahali inapostahili nako ni kosa. Ndugu wa marehemu wanapomnyang'anya mjane shamba, na mali ya yatima inapogawanywa mchana kweupe, sisi tuliokaa pale msibani tukila ubwabwa tunasema, "Mimi si mtu wa hasira, mambo ya kwao waamue wenyewe." Huo si upole. Tusiende kuungama hasira zetu za jikoni na kuacha kuungama ukimya wa namna hiyo.

Hasira yageuka dhambi pale inapoacha kutii akili iliyoangazwa na imani. Inaweza kupotoka kwa lengo lake, yaani inapotaka mtu aumie na si kosa lirekebishwe; au inaweza kupotoka kwa kipimo, pale kosa la senti tano linapolipizwa kwa adhabu ya shilingi mia. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa na Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili mwaka 1992, inaiweka hasira chini ya amri ya tano, pamoja na uuaji (namba 2302 na 2303). Inafundisha kwamba kudai malipo ili uovu urekebishwe na haki ilindwe ni jambo la kusifiwa. Lakini mtu akifika hatua ya kutaka kwa makusudi kumwua jirani yake au kumjeruhi vibaya, hiyo ni dhambi ya mauti, hata kama mkono wake haujanyanyuka.

Hapo tunapaswa kutulia kidogo, maana wapo waamini wenye dhamiri nyepesi wanaoogopa kila mapigo ya moyo. Mama aliyemfokea mtoto aliyemwaga uji hajatenda dhambi ya mauti. Ili dhambi iwe ya mauti, jambo liwe zito, mtu ajue, na aridhie kwa hiari yake. Ule mfuko wa damu unaopanda kichwani kabla hujafikiri si dhambi, ni jaribu. Dhambi huanza pale unapoukaribisha na kuuandalia kiti. Na wapo, kwa upande mwingine, wenye dhamiri nene, ambao kwa miaka kumi wamemtakia jirani yao mabaya, wamefurahi ng'ombe wake walipokufa, na bado wanapokea Komunyo kila Dominika kwa kuwa hawajawahi kumpiga mtu kofi. Hao tunawaogopea zaidi.

Walimu wa kale wa Kanisa walijua kwamba hasira huvaa mavazi mengi. Yohane Kasiano, aliyekaa na wamonaki wa jangwa la Misri kisha akaandika mafundisho yao mwanzoni mwa karne ya tano, anakiri jambo ambalo sisi hutuchekesha na kutuchoma kwa pamoja. Anasema kwamba wengine hukimbilia upweke wakidhani hasira yao inaletwa na watu. Wakiwa peke yao haitakuwepo. Naye akumbuka kwamba alipokuwa jangwani peke yake aliikasirikia kalamu yake ya tete kwa kuwa nene mno au nyembamba mno, akakikasirikia kisu kwa kuwa butu, na jiwe la kuwashia moto kwa kuchelewa kutoa cheche. Basi hakuwepo jirani, hakuwepo mke wala mume, hakuwepo paroko, na hasira ilikuwepo! Ndugu yangu uliyeipiga teke baiskeli kwa kuwa mnyororo umetoka, dada yangu uliyelitupa jiko la mkaa kwa kuwa haliwaki, nasi tuliowahi kuitupa simu kitandani kwa kuwa mtandao hautaki: Kasiano anatufahamu. Tunaposema, "Yeye ndiye anayenikasirisha," tujiulize kama tungekuwa watulivu hata jangwani.

Mtakatifu Tomaso, akimfuata mwanafalsafa Aristotle, anawagawa wenye hasira katika aina tatu. Wapo wakali, ambao hulipuka upesi kwa sababu ndogo, kama nyasi kavu. Wapo wachungu, ambao hasira yao hukaa muda mrefu katika kumbukumbu, imefungiwa ndani. Hawasemi, hawapigi, lakini hawasahau. Na wapo wagumu, ambao hawatulii mpaka wamelipiza. Katika parokia zetu tunawashutumu sana wale wa kwanza kwa sababu wanaonekana na kusikika. Wa pili tunawaita watu wapole! Mume ambaye hamsemeshi mkewe siku nne, anakula chakula na kuondoa sahani kimya, huyo majirani humsifu kuwa hana makelele. Mke anajua. Watoto wanajua. Kunyamaza kwa namna hiyo ni fimbo, na ni fimbo isiyoacha alama ya kumwonyesha balozi wa nyumba kumi.

Kwa hiyo kabla ya kusema, "Nilikasirika," tujiulize kwanza sisi ni wa aina ipi. Dawa hazifanani. Mkali anahitaji kujifunza kuchelewesha ulimi. Mchungu anahitaji kujifunza kusema, amwendee ndugu yake amweleze kilichomwumiza. Ukimwambia mchungu aendelee kunyamaza umemwongezea ugonjwa.

Ndugu wapendwa, tungeweza kuendelea kuwataja watakatifu na walimu, lakini si haki kumtaka msikilizaji ajichunguze huku msemaji amejificha nyuma ya vitabu. Siri ya kitubio humfunga muungamishi. Muungamaji ana ruhusa ya kusimulia lililo lake. Nasi tutalisimulia moja.

Katika miaka yetu ya kwanza ya upadre tulikuwa paroko msaidizi mahali penye vigango vingi na barabara chache. Alhamisi moja tulisafiri kwa pikipiki katika matope kwenda kigango cha mbali kuadhimisha Misa. Tulipofika, kanisa lilikuwa limefungwa. Kengele ya rimu ya gari ilining'inia kwenye mwembe, hakuna aliyeigonga. Katekista, mzee aliyefundisha dini tangu kabla sisi hatujaingia seminari ndogo, akaja mbio kutoka shambani, jembe begani, miguu imejaa udongo. Akasema, "Samahani, Baba, sisi tulikungoja Jumamosi. Sikupata habari." Tulikuwa tumelowa na tuna njaa. Mbele ya wazee watatu, mbele ya akina mama waliokuwa wakipita na ndoo zao za maji, na mbele ya watoto waliokuja kuitazama pikipiki, tulimwambia kwamba barua ilitumwa, kwamba yeye ni debe tupu, kelele nyingi za kufundisha na ndani hamna kitu. Tulilirudia hilo neno. Mzee akasema tena, "Samahani, Baba," akaenda kuigonga ile kengele.

Kisha tukaingia kanisani, tukavaa, tukaadhimisha Misa. Yeye alisoma somo. Yeye aliitikia. Sisi tulitoa amani ya Bwana kwa watu wote.

Siku mbili baadaye tuliikuta ile barua katikati ya kurasa za kitabu chetu cha Sala ya Kanisa. Haikutumwa kamwe.

Tulikwenda kuungama kwa padre mmoja mzee wa dekania yetu. Tulisema, kama kila mtu asemavyo, kwamba tulikasirika tukatumia maneno makali. Yule mzee akauliza, "Maneno gani, Padre?" Tukanyamaza. Akasema, "Uliyaweza mbele ya watu, hapa yanakushinda?" Tukayasema. Akauliza, "Waliosikia ni nani?" Tukawataja, wazee, akina mama, watoto. Akasema, "Basi watu hao hao wasikie na neno la pili." Ndiyo malipizi aliyotupa.

Tuliyaahirisha wiki tano. Mvua ilikuwa sababu, halafu pikipiki ilikuwa sababu, halafu semina ya vijana. Hatimaye tulikwenda siku ya Dominika, na baada ya Komunyo tulisema mbele ya wote kwamba katekista hakukosa, barua tulikuwa nayo sisi, na neno tulilomwita halikuwa la kweli. Watu walipiga makofi. Tulijisikia wepesi, tukadhani mambo yamekwisha. Alipotusindikiza kwenye pikipiki, yule mzee alitushika mkono kwa mikono yake yote miwili akasema, "Yamekwisha, Baba. Ila ningeomba uwaambie na watoto wa mafundisho, maana leo wengi hawakuwepo." Tulimwuliza kwa nini hasa watoto. Alisita. Kisha akasema kwamba siku za mafundisho, akigeukia ubao, huwa wanagonga kopo.

Tuliwaambia watoto pia. Walitusikiliza kwa adabu, na wawili watatu walicheka wakiinamisha vichwa.

Tunaomba mtusamehe kwa kuirefusha habari hii, lakini ndani yake mna karibu yote tunayotaka kuyasema juu ya kuitafiti dhamiri. Kwanza, tulikuwa tayari kuungama jina la dhambi ili tusiiseme dhambi yenyewe. Neno "hasira" lilikuwa shuka tuliyolifunikia neno "debe." Kwa hiyo, unapojiandaa kuungama, rudi kwenye tukio. Nilimkasirikia nani? Je, ni mkubwa kwangu au ni mdogo, ni mtu anayeweza kunijibu au asiyeweza? Swali hili lina uzito, maana wengi wetu hasira zetu zina macho: mbele ya mkuu wa wilaya hulala, mbele ya mtumishi wa ndani huamka. Kama naweza kujizuia mbele ya mwenye nguvu, nisiseme kwamba siwezi kujizuia mbele ya mnyonge. Nilisema nini, kwa maneno yenyewe? Je, nililaani? Je, nilimtaja mama wa mtu, au kabila la mtu, au ugumba wa mtu? Je, nilipiga, na nilipiga kwa kitu gani, na niliacha lini? Mzazi au mwalimu aliyemwadhibu mtoto ajiulize kama alikuwa anamrekebisha mtoto, au alikuwa anajituliza yeye. Nani alisikia? Watoto walikuwa wamelala kweli au walikuwa wamefumba macho tu? Nililiandika kwenye simu, katika kundi la jumuiya au la kwaya, ambako watu mia wamelisoma na mmoja amelihifadhi?

Halafu, ilidumu muda gani? Mtume Paulo aliwataka Waefeso (4:26) wasiache siku iishe wakiwa bado katika hasira. Mtakatifu Augustino aliifananisha hasira na kibanzi kidogo ambacho kikiachwa hukua kikawa boriti, yaani chuki. Tujiulize basi: ni jioni ngapi zimepita? Mtu mwingine atahesabu jioni mbili, mwingine atahesabu misimu ya mvua. Na baada ya hasira nilitamani nini? Nilitamani aelewe, au nilitamani aumie? Je, niliwahi kufurahi aliposhindwa? Je, niliwahi kwenda kwa mtu wa kunitengenezea kitu cha kumdhuru? Hapo hatuzungumzii tena dhambi nyepesi.

Tena, chanzo chake kilikuwa nini hasa? Sisi tulidhani tunaitetea Misa. Kwa kweli tulikuwa tumelowa, tuna njaa, na tumeaibika kufika pasipo na watu wa kutupokea. Mara nyingi chini ya hasira kuna kitu kingine kilichojikunyata: aibu, hofu, wivu, uchovu, pombe ya jana, au huzuni ambayo haikuliwa matanga. Mtakatifu Gregori Mkuu, Papa wa tangu mwaka 590 hadi 604, aliiweka hasira kati ya vilema saba ambavyo ni mizizi ya dhambi nyingine, akiorodhesha na watoto wake: magomvi, kiburi cha moyo, matusi, makelele, dharau, na hata kumkufuru Mungu. Lakini hasira nayo yaweza kuwa mtoto wa mwingine. Mvuvi akivuta wavu huangalia kila kilichomo.

Twende kwenye Injili. Yule mtumishi alidaiwa na mfalme talanta elfu kumi. Talanta moja ilikuwa sawa na dinari 6,000 hivi, na dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku. Deni lake basi lilikuwa dinari 60,000,000. Kibarua akifanya kazi siku 300 kwa mwaka, bila kula ujira wake, angelilipa kwa miaka 200,000. Naye alipopiga magoti alisema angelipa yote! Yeye alimdai mwenzake dinari 100, kazi ya miezi mitatu na siku kadhaa. Tusidanganyane kwamba dinari 100 si kitu. Kwa mtu maskini miezi mitatu ni mingi, na Bwana hakusema kwamba deni la ndugu yetu ni la kubuni. Ubaya tuliotendewa ni wa kweli. Kosa la mtumishi lilikuwa kwamba alitoka kwa mfalme na mara akamkaba mwenzake koo, kana kwamba yale ya ndani hayakutokea.

Na lile jibu alilopewa Petro, la mara sabini, lina mwangwi wa zamani. Lameki, wa uzao wa Kaini, alijisifu mbele ya wake zake kwamba yeye atalipiziwa kisasi mara sabini na saba (Mwa 4:24). Bwana anaichukua hesabu ile ile ya kisasi na kuifanya hesabu ya msamaha.

Hapa hatuna budi kusema neno kwa wale waliosikia mahubiri ya msamaha yakatumika kuwafunga. Dada unayepigwa na mumeo, kusamehe si kumrudishia fimbo. Kusamehe ni kutomtakia maangamizi. Hakukuzuii kuondoka ukalala salama pamoja na watoto, wala kwenda kwa wazee, kwa paroko, ustawi wa jamii au polisi. Tumekwisha kusema kwamba kudai haki si dhambi. Na msimamizi wa ndoa anayemwambia mwanamke mwenye jicho lililovimba, "Samehe saba mara sabini," bila kwenda kumkabili mume, amesoma nusu ya Injili.

Jinsi ya kujitafiti kila siku tunaweza kujifunza kwa Mtakatifu Inyasi wa Loyola, aliyezaliwa mwaka 1491, aliyekuwa askari na alijua damu ya moto ni nini. Katika Mazoezi yake ya Kiroho anashauri mtu achague kilema kimoja tu akishughulikie. Asubuhi aazimie kujilinda nacho. Kila akianguka aweke mkono kifuani kwa majuto, tendo dogo ambalo hata ukiwa sokoni hakuna atakayeligundua. Mchana na jioni ahesabu, aweke nukta kwenye mstari wa siku hiyo, kisha alinganishe siku na siku, juma na juma. Daftari la kawaida linatosha. Asiyejua kuandika na atumie punje za mahindi mfukoni. Mzee mmoja tuliyemfahamu alifanya hivyo, na alituambia kwamba juma la kwanza mfuko ulimlemea.

Wala tusivunjike moyo nukta zikiwa nyingi. Mtakatifu Fransisko wa Sale, Askofu wa Geneva, aliwaonya waamini wake wasijikasirikie kwa kuwa wamekasirika. Hiyo ni hasira ya pili juu ya ya kwanza.

Na hatimaye kuna malipizi. Katekisimu (namba 1459) inatukumbusha kwamba maondoleo huiondoa dhambi, lakini hayatengenezi yote ambayo dhambi imeyaharibu. Yanayowezekana kurekebishwa ni lazima turekebishe. Bwana katika Mathayo 5:23-24 anamtaka aliye mbele ya altare aiache sadaka yake aende kwanza kupatana. Naye hasemi, ukikumbuka kwamba wewe una neno juu ya ndugu yako. Anasema juu ya ndugu aliye na neno juu yako. Sisi tulikuwa na sadaka mkononi, na ndugu mwenyewe alikuwa hatua tatu kutoka altareni, akisoma somo.

Miaka mingi baadaye tulipita tena katika sehemu zile. Tuliuliza njia ya kwenda kwa yule katekista, tukilitaja jina lake la ubatizo na la ukoo. Kijana wa pikipiki alifikiri kidogo, kisha uso wake ukang'aa. "Ahaa, kwa Mzee Debe!" akasema, bila dharau yoyote, kama mtu anavyotaja jina la kawaida. Hakujua lilikotoka; alikuwa hajazaliwa. Tulipanda. Mzee alikuwa amekaa chini ya mwembe, macho yamepunguza nuru, na alitutambua kwa sauti. Tuliongea juu ya mavuno, juu ya wajukuu, juu ya kanisa jipya la matofali. Kabla ya kuagana tulimwomba atubariki, naye akaweka mkono kichwani petu.

Jumamosi ijayo, katika parokia nyingi, mapadre watakaa kitini kabla ya Misa ya jioni. Mtakaokwenda, nendeni na tukio, na maneno yake, na majina ya waliosikia. Asiyeweza kumfikia aliyemkosea, kwa kuwa yu mbali au amekwisha kufa, amwambie padre hivyo, watafute pamoja la kufanya. Nanyi makatekista, mkiwaandaa watoto kwa kitubio cha kwanza, msiwaridhie waseme tu, "Nilikasirika."

Tumsifu Yesu Kristo.